Chombo Nchi Kavu

Chombo cha majini hakikuundwa kupanda juu ya paa. Mwundaji alipotengeneza ubavu wake alikusudia maji yauchukue kwa usawa kutoka omo mpaka tezi, na alipoichongoa omo alikusudia ipasue wimbi. Hakuwaza ya kuwa siku moja chombo hicho kitalazwa kifudifudi juu ya fito mbili za chuma, kikachukuliwa kwa mwendo ambao hapana kasia wala tanga la kuufikia, katika njia yenye matuta, mashimo na watu. Walakini jambo hilo sasa hutendeka, hata Goba, na maadamu hutendeka lastahili kutazamwa. Ndani yake mna hatari ambayo mwenye chombo haioni, kwa sababu hatari yenyewe iko nyuma yake.

Goba ni kata ya vilima. Zamani ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, na tangu 2016 imo katika Wilaya ya Ubungo. Watu wa makamo huikumbuka ilipokuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na miembe. Leo ni mji wa kuta na mapaa ya rangi, na mwembe uliosalia uani husalia kwa huruma ya mwenye kiwanja. Asubuhi yenye hewa safi, mtu aliyesimama juu ya baadhi ya vilima vyake huona mstari wa bahari upande wa mashariki. Bahari hiyo iko karibu kiasi cha kutamanisha, na mbali kiasi cha kumshinda yeyote atakayejaribu kuiendea na mtumbwi begani.

Mtu anayezungumzwa katika insha hii ni mzee wa miaka 60 na kitu, mzaliwa wa Kunduchi, mwana wa mvuvi. Ujanani alikuwa utingo wa lori, kisha akawa fundi wa magari hata mikono ikachoka. Alihamia Goba wakati kiwanja kilipokuwa rahisi, na kwa miaka mingi aliishi pasipo chombo, kama mtu aliyeoa mbali na kwao na kuacha kulalamika. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa akirejea nchini kwake alimwuzia kayaki ya plastiki, rangi ya manjano, urefu wake mita 4 na uzito wake kilo 25. Watoto wa mtaa waliipa jina la Ndizi tangu siku ya kwanza, na jina hilo halijatoka.

Kayaki ni kazi ya Wainuit, watu wa Greenland na nchi za barafu zilizo jirani. Waliiunda kwa mbavu za miti iliyookotwa ufukweni na kuivika ngozi ya sili, na ilikuwa nyepesi hata mwindaji mmoja aliweza kuinyanyua majini na kuichukua peke yake juu ya barafu. Basi kubebwa nchi kavu ni sehemu ya maumbile ya chombo hiki. Hii ya plastiki imerithi sura na imerithi wepesi, na wepesi huo ndio unaodanganya. Kwa kuwa kilo 25 ni chini ya uzito wa mfuko wa saruji, mtu hudhani kuzifunga ni kazi ya dakika moja.

Dhana hiyo ndiyo iliyokuwa kichwani mwa mpwa wa mzee, kijana wa chuo, mwenye kuendesha Noah ya mama yake siku za Jumamosi. Asubuhi ya kwanza alikuja na mpira mmoja uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, kama ule wanaofungia waendesha bodaboda kreti za soda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Na huo mpira ni wa nini?"

"Wa kufungia, mjomba. Safari yenyewe ni ya nusu saa. Hata magodoro huwa tunayafunga hivihivi."

"Godoro likianguka barabarani hufa nani?"

Kijana alicheka, akasema hafi mtu.

"Basi usilifananishe," alisema mzee, akaingia ndani kutafuta kamba.

Kupitisha chombo nchi kavu si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande mabegani mwa wapagazi. Vipande vilivyotoka Uingereza vilikuwa vizito na vipana mno kwa njia za miguu, ikabidi vigawanywe tena Unguja kabla ya safari. Mwezi wa Machi 1875 viliunganishwa vikaelea katika Ziwa Nyanza. Miaka 40 baadaye meli iliyoitwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg katika Ujerumani, ilifika Dar es Salaam ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa reli upande wa Kigoma, na 1915 ikashushwa majini. Ilizamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na tangu 1927 jina lake ni Liemba. Katika vita hivyohivyo Waingereza walichukua motaboti mbili nzima nzima, wakazivusha kutoka Cape Town kwa reli, kisha kwa mitambo ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, hata zikaingia Ziwa Tanganyika Desemba 1915. Moja iliitwa Toutou na nyingine iliitwa Mimi, jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili aliyelisikia yamkini aliuliza, "Wewe nani?"

Safari hizo zilikuwa za taabu kubwa, na watu walikufa ndani yake. Lakini zilikwenda kwa mwendo wa mtu, au wa ng'ombe. Kipande cha mashua kilipoponyoka kilianguka miguuni mwa aliyekibeba, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumia na wa kwanza kujifunza. Mzigo wa juu ya motokaa hauna adabu hiyo. Ukiponyoka haumwangukii aliyeufunga. Yeye huendelea na safari, labda na muziki wake, mpaka aone katika kioo kitu ambacho hapendi kukiona.

Mzee alimfundisha mpwa wake kwa jambo moja la awali: chombo kikiwa juu ya gari hakijaacha kusafiri katika kitu chenye nguvu. Kimeacha maji, kimeingia upepo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Gari lendalo kilomita 80 kwa saa hukisukuma chombo mara nne kuliko liendapo kilomita 40. Na upepo una wake pia. Gari likienda kilomita 50, nayo kusi inavuma kilomita 30 uso kwa uso, chombo hupokea upepo wa kilomita 80, hata kama dereva hajavunja sheria yoyote. Upepo huo kwanza husukuma nyuma, kisha hupata nafasi chini ya omo na kuiinua. Chombo kilichokazwa katikati peke yake huanza hapo kupanda na kushuka kama mizani, na kila kikipanda na kushuka mkanda hulegea kidogo.

Neno la keria lilipanda juu ya motokaa likitokea baiskeli, na yafaa kukumbuka kwamba si kila chuma cha juu ya paa ni keria ya kweli. Magari mengi yana reli mbili za urembo zilizopita kwa urefu wa paa, na hizo peke yake hazifai kulalia chombo. Hapana budi zipatikane fito mbili za kukingama, zilizofungwa imara kwa skrubu, na kadiri zinavyokuwa mbali baina yao ndivyo chombo kinavyotulia. Paa nalo lina kipimo chake, kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Aghalabu ni baina ya kilo 50 na 100, na uzito wa fito zenyewe umo katika hesabu hiyo. Mzee alizitikisa fito za Noah kabla hajagusa kayaki. Moja ilicheza. Kijana alitaka kusema kwamba haichezi sana, akamtazama mjomba wake, akaenda kuleta spana.

Fito zilivikwa vipande vya godoro kuukuu vilivyofungwa kwa nyuzi. Kayaki ikalazwa kifudifudi, maana tumbo la plastiki likilalia chuma kwa muda mrefu katika jua la Dar es Salaam hubonyea. Ubavu au mgongo hustahimili zaidi. Kisha ikaja mikanda miwili, mmoja kwa kila ufito. Kila mkanda ulipita juu ya chombo, ukazunguka chini ya ufito karibu kabisa na ubavu wa chombo, ukarudi juu tena, ukakutana na bizimu yake. Hapo kwenye neno karibu mzee alisimama kwa muda. Mkanda uliozungushwa mbali na ubavu, penye ncha ya ufito, huonekana umekaza, lakini huacha nafasi ya chombo kuteleza kushoto na kulia, na kila kikiteleza mkanda hulegea. Bizimu ilivikwa kitambaa isigonge kioo. Mikanda ilivutwa kwa mkono wa mtu mmoja, basi. Ile mikanda ya malori yenye mpini wa kukazia hairuhusiwi nyumbani kwake: mpini huo una nguvu ya kukaza magogo, na plastiki si gogo.

Wengi wangeishia hapo, na wengi huishia hapo. Mzee alisema kazi sasa ndiyo kwanza imefika nusu. Ilisalia omo na tezi. (Hakukubali ziitwe mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwake yeye, ni za gari.) Kamba mbili zilitoka katika pete ya omo, zikashuka upande huu na upande huu kwa umbo la pembetatu, zikafungwa katika vitanzi vya mkanda mgumu vilivyotiwa bolti chini ya boneti. Tezi ilifungwa vivyo hivyo katika pete ya chuma ya kuvutia gari. Bampa haikuguswa, kwa kuwa bampa za leo ni plastiki tupu na hung'oka pamoja na kilichofungwa. Kamba hizi hazikazwi kama mikanda. Hukazwa kiasi cha kuondoa ulegevu, kwa maana zikizidi huikunja omo ielekee chini. Kazi yake kubwa ni ya siku ile ambayo mkanda utakatika au ufito utang'oka. Siku hiyo kamba ya omo ndiyo itakayosimama baina ya chombo na mtu asiyekijua.

Katika kukaza kamba hizo mzee alifunga lile fundo la matingo wa malori: kitanzi katikati ya kamba, ncha ikapitishwa chini na kurudishwa ndani ya kitanzi, kisha ikavutwa, na kamba ikajizidishia nguvu kama iliyopita katika roda. Kijana aliyesoma fizikia alilitambua mara moja na kulieleza vizuri. Kulifunga kulimshinda mara tatu.

Hapa pana neno la kusemwa juu ya kamba, kwa sababu pwani hii imeishi kwa kamba. Mitepe, vile vyombo vya kale vya upande wa Lamu, vilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, vikasafiri. Ngalawa mpaka leo hufungiwa mirengu yake kwa kamba, ile miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke, kwa sababu fundo hukubali kunyumbuka pale ambapo msumari ungepasua mti. Mkonge, ulioletwa nchini 1893, uliifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa katani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kamba ya katani ilikuwa katika kila lori. Katani ikilowa hukaza. Nailoni ikilowa hunyooka na kulegea. Mtu aliyekulia katika katani, aliyezoea mvua kumsaidia, hufunga nailoni asubuhi ya mawingu na kuondoka na moyo mweupe, naye hajui kwamba mvua sasa imebadili upande. Mikanda ya poliesta hunyooka kidogo sana, na kwa hiyo ndiyo inayofaa. Mpira wa tyubu haufai popote katika kazi hii. Sifa yake yote ni kunyumbuka, na chombo kinachoinuliwa na upepo huhitaji kitu kisichokubali.

Kijana alipouliza kwa nini taabu yote hii, mzee alimjibu kwa kisa, naye alikisimulia huku akiendelea kufunga, bila kuinua uso. Katika miaka ya 1980 alikuwa utingo wa lori lililochukua gamba la ngalawa kutoka mashamba ya ndani kwenda pwani. Ngalawa nyingi huchongwa kwa mwembe, na miembe mikubwa ilikuwa huku vilimani. Gogo lilichongwa nusu papo hapo ili kupunguza uzito, kisha likapelekwa kwa mafundi ufukweni kumalizwa. Siku hiyo gamba lilizidi urefu wa lori, tezi ikaning'inia nje. Yeye ndiye aliyefunga. Alifunga katikati, akakaza sana, akapigapiga kwa kiganja kama wafanyavyo watu wote, na kusema, "Hili haliendi popote." Katika mteremko lilikwenda. Lilimwangukia mwendesha baiskeli, likamvunja mguu mahali pawili.

Mtu huyo hakufa. Aliacha kazi yake ya kupeleka maziwa, kwa kuwa hakuweza tena kupanda vilima kwa baiskeli, akafungua genge la nyanya na vitunguu. Dereva alilipa kidogo, mwenye ngalawa alilipa kidogo, na utingo, ambaye hakuwa na kitu, alipeleka kuku wawili. Watu walimfariji wakisema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Mzee alimwambia mpwa wake kwamba hakupata kubishana nao, ila alijua urefu wa kamba iliyobaki ndani ya lori siku ile. Ilitosha kufunga omo na tezi, na ikabaki.

Kijana hakusema kitu. Alikwenda nyuma ya gari, akaifungua kamba ya tezi aliyoifunga mwenyewe, akaifunga upya.

Mambo yaliyosalia yalikwenda upesi. Kitambaa chekundu kilifungwa kwenye ncha ya tezi, kama wafanyavyo wachukuzi wa nondo na mirunda, ili aliye nyuma ajue gari linaishia wapi. Makafi yaliwekwa ndani ya gari, wala si ndani ya kayaki. Kisha mzee aliishika omo kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu kushoto na kulia. Hapa ndipo penye kipimo: chombo kikitikisika peke yake, kazi irudiwe, gari zima likitikisika pamoja nacho, twendeni. Noah ilicheza juu ya springi zake kama punda anayekataa mzigo.

Barabara itokayo Goba hupanda na kuteremka kabla ya kuteremka moja kwa moja hadi Tangi Bovu, nayo ina matuta ya kutosha kujaribu fundo lolote. Waliposafiri kilomita mbili mzee aliamuru gari lisimame pembeni. Mikanda yote miwili ilikuwa imelegea kwa upana wa kidole. Hili si kosa la mfungaji. Godoro hubonyea, plastiki hukaa mahali pake, mkanda mpya hunyooka, na ndiyo sababu ya kusimama mapema, kabla ya mteremko mkubwa. Walipokaza na kuondoka, sauti nyingine ilianza juu ya vichwa vyao, mvumo kama wa nyuki mkubwa. Kijana aliogopa. Ulikuwa ni mkanda uliotandazika bapa ukipigwa na upepo. Walisimama tena, wakausokota mara moja, ukanyamaza. Mwenye kuendesha na mvumo huo hukerwa bure, na baya zaidi, mkanda unaotetemeka kwa muda mrefu hujisugua hata ukatike.

Katika Barabara ya Bagamoyo walishika mkono wa kushoto na mwendo wa kilomita 50. Malori ya saruji yatokayo Wazo yalipopishana nao, kila moja lilitupa pigo la upepo wake, na kayaki ilinguruma kidogo ikatulia. Bodaboda zilikuja nyuma, zikasogea karibu sana chini ya kile kitambaa chekundu, kama zilivyo desturi zake, kisha zikapita. Kijana, aliyekuwa akitazama mbele tu kila siku, alionekana sasa kutazama kioo cha nyuma kuliko kawaida. Mzee aliliona hilo wala hakulitaja. Alimwambia tu kwamba kurudi kutakuwa kugumu zaidi: alasiri kusi huzidi nguvu, na njia ya kurudi huelekea kusini, kwa hiyo omo itakwenda uso kwa uso nayo, na kamba zitakuwa zimelowa.

Walipita Africana, wakafika Mtongani, wakakata kulia kuelekea Kunduchi, penye magofu na makaburi ya kale, na soko la samaki. Kufungua nako kuna utaratibu. Omo na tezi zilifunguliwa kwanza, mikanda baadaye, na mtu mmoja aliishika kayaki wakati wote, kwa maana upepo wa ufukweni hauulizi kama gari limesimama. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu walitazama kamba zote zile, wakatazama kile chombo chepesi cha manjano, na mmoja akauliza kama ndani mna dhahabu.

Kisha wote wanne waligeuka kutazama bahari. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zililala ubavu katika tope, na mstari wa maji ulikuwa mbali sana, upande wa Mbudya. Mzee alivua viatu, akavitia ndani ya gari, akashika omo. Kijana akashika tezi, wakaanza kuibeba.